Nguzo Zilizochipua Nyuma ya Jikoni

Mtu akiniuliza kwa nini bado sijamsamehe ndugu yangu, mimi humwonyesha mashimo manne. Nguzo zenyewe hazipo tena. Ziliishia jikoni kwa mama kama kuni, tena kuni mbaya, za moshi mwingi na moto mdogo. Lakini mashimo yapo. Nimeyahesabu, nikayahesabu tena, maana mtu aliyeuza ndizi soko la Nyamarambe miaka mingi kama mimi hawezi kuhesabu kitu mara moja halafu akalala usingizi.

Kipande chenyewe kiko nyuma ya jikoni ya mama, kijijini kwetu juu ya Ogembo. Tulikuwa tukikilima wanawake watatu. Mama alikuwa na chinsaga na managu, mboga zetu za kienyeji, upande wa juu. Wifi yangu, mke wa huyo ndugu yangu, alikuwa na sukuma wiki katikati. Mimi nilipewa ukingo wa chini, pale maji ya vyombo yanapomwagwa, kwa sababu nilirudi nyumbani ndoa yangu ilipoisha, na binti aliyerudi hapewi katikati ya kitu chochote. Ndugu yangu mwenyewe yuko Nairobi. Huja Desemba na Agosti, akiwa na watoto wao wanaosoma huko, na maoni.

Kwetu kuna sheria ambayo hakuna aliyeiandika na hakuna asiyeijua. Binti aliyerudi apande mboga, apande vitunguu, apande maboga, apande chochote kinachokubali kuondoka. Mti hapandi. Mti ukishashika ardhi unakuwa shahidi: leo ni kamti kamoja, kesho ni mstari, keshokutwa ni mpaka, na mpaka ukishakuwepo kuna mtu atauliza ng'ambo yake ni ya nani. Na tangu Katiba iseme binti naye ni mrithi, ndugu zetu wamepata macho ya wapima ardhi. Wakishuka kwenye gari hawasalimu mtu mpaka wahakikishe hakuna kijiti kilichosogea.

Sasa, mpasheni, ule mmea wa matunda ya pasheni, ni mti au si mti? Nilipotaka kuupanda tulibishana asubuhi nzima. Wifi alisema ni mti, kwa sababu unakaa miaka. Mimi nikasema ni mboga, kwa sababu unatambaa, na nani amewahi kuona mti unaotambaa. Mama alikuwa ameketi akichambua managu. Hakuinua kichwa.

"Ni mboga inayozaa matunda," alisema. "Mwacheni apande, tupate kunyamaza."

Hukumu ikaisha.

Mche niliununua kwa mwanamke wa Gesima aliyekuwa akiuza miche sokoni. Ulikuwa mche wa kuunganishwa: chini mizizi ya pasheni ya manjano, ile ngumu isiyougua, na juu yake pasheni ya zambarau, ile tamu ambayo watu hununua. Tulivutana bei mpaka wenzake wakaanza kutucheka. Alipokubali alinionyesha kovu kwenye shina, pale vitu viwili vilipofanywa kimoja, akaniambia kwa ukali wa mtu aliyeuza chini ya moyo wake, "Chini ya hapa usiache kitu kiote. Kikiota, utalea mtoto wa wenyewe na wako afe njaa."

Nguzo nazo nilizipata kwa bei ambayo ingepaswa kunitisha. Jirani mmoja alikuwa anakata ua wake wa omotembe, ule mti wa miiba wenye maua mekundu, na magogo yalikuwa yamelala barabarani.

"Ni mbichi, lakini zitakaukia kwako," aliniambia.

Ule ubichi nikauhesabu kama sababu nyingine ya kupunguziwa. Nilitoka pale nikijiona mjanja.

Kila mtoto wa huku anajua kwamba nguzo ya omotembe husimamishwa kichwa chini. Ukiisimamisha kwa miguu yake, yaani upande uliokuwa chini ukiwa chini, itadhani haijakatwa. Itaota. Ukitaka ife na itulie, igeuze. Mimi nilijua haya nikiwa mdogo, lakini nilikaa sokoni miaka ambayo nguzo zote nilizoegemea zilikuwa za chuma. Nilichimba mwenyewe, nikaangalia upande mnene, nikaona akili za kawaida zinasema unene ukae chini. Nikazisimamisha nne, mstari mmoja, nikafunga waya juu, nikaupandisha mpasheni wangu.

Ulipanda kama kitu kilichoitwa. Mwaka wa pili ulikuwa umejaza waya wote, na mimi nilikuwa nashuka Ogembo na ndoo mara mbili kwa wiki. Yaliyoning'inia upande wa sukuma wifi aliyachuma bila kuuliza, na mimi nilimwacha bila kumwambia, na hivyo ndivyo amani ilivyokuwa. Mvua za vuli zilipokuja nguzo zikatoa majani. Niliyaona. Nilifurahi hata, nikasema mpasheni umepata kivuli cha bure. Kumbe nilikuwa nafurahia kesi.

Desemba ndugu yangu akaja. Alimsalimia mama, akanywa chai nusu kikombe, akazunguka nyuma ya jikoni akiwa na kikombe mkononi. Mimi nilikuwa nafua.

"Nani amepanda hii miti?"

Alisema kwa Kiswahili. Nyumbani tunaongea Ekegusii, lakini ndugu yangu akikasirika huingia Kiswahili cha Nairobi, ili watoto wake, ambao lugha yetu hawaijui, wapate kusikia kwamba baba yao amekasirika.

"Miti gani?" nikauliza.

"Hii. Moja, mbili, tatu, nne. Kwa laini."

"Hizo ni nguzo."

"Nguzo iko na majani?"

Kwa kweli hilo lilikuwa swali zuri. Nikasema, "Nimezisimamisha vibaya. Ni omotembe."

"Dada, hakuna mtu wa Kisii hajui kusimamisha omotembe. Hata hawa watoto wa Nairobi wanajua."

Watoto wake walitazamana. Hawakujua.

"Unaweka mpaka kwa shamba ya baba," alisema. "Na unaficha na matunda."

"Mpaka wa nini? Ng'ambo ya hapo kuna choo. Nikate choo niende nacho wapi?"

Mmoja wa watoto alicheka. Afadhali asingecheka. Ndugu yangu aliweka kikombe juu ya kinyesi cha kuku, akaenda jikoni, akarudi na panga la mama. Alikata nguzo ya kwanza, waya ukalegea. Ya pili, mpasheni ukaanza kushuka na mzigo wake wote, matunda yakigonga chini. Ya tatu. Ya nne. Kisha akang'oa visiki vyake vyote, mashimo yakabaki wazi. Nilisimama na povu mikononi. Nguzo nilizielewa. Ziliota, na alichoona ni miti, na mtu akiogopa kitu huona kingi. Lakini alipomaliza nguzo alirudi, akainama, akashika shina la mpasheni, akalikata pia, karibu na ardhi. Shina halikuwa nguzo. Halikuwa na kosa hata la kusingiziwa. Hilo sijalielewa mpaka leo, na nisipolielewa sitalisamehe.

Mama alitoka akiwa na mwiko. Aliangalia rundo lile la majani na matunda mabichi.

"Umeua mboga," alimwambia.

"Nimetoa mpaka. Hapa kutapandwa nyasi ya napia ya ng'ombe, chini mpaka juu. Na dada anaweza kupanga nyumba Ogembo, vyumba ni vingi."

Hapo ndipo nilipoacha kufua. Nimekutana na watu wa namna yake sokoni maisha yangu yote: anayepiga meza anataka uondoke kabla bei haijatajwa. Nikajifuta mikono polepole.

"Shina hujaling'oa," nilisema. "Likifufuka?"

"Haiwezi fufuka."

"Basi huna cha kuogopa. Ahidi mbele ya mama. Ukija Agosti ukikuta maua, mimi sihami na kipande hakiguswi. Ukilikuta kavu, nitapanda napia kwa mkono wangu na mizigo yangu nitaifunga mwenyewe."

Alimtazama mama. Mama alikuwa anatazama mwiko wake kana kwamba hajauona kabla.

"Sawa," alisema. "Lakini hakuna nguzo. Sitaki kuona kijiti chochote kimesimama hapa. Hata kimoja."

Nikakubali. Nilikuwa na hasira mno kukumbuka kwamba mpasheni usio na cha kupanda ni kamba tu.

Walipoondoka kurudi Nairobi nilipiga magoti nikaangalia alichoniachia. Kisiki kilikuwa urefu wa kiganja. Kovu la yule mwanamke wa Gesima lilikuwa katikati yake, na juu ya kovu palikuwa pamebaki vidole vitatu. Nikapima tena. Vitatu. Angeinama kidogo zaidi angekata chini ya kovu, na ningekuwa nabishania mizizi ya watu.

Nilichanganya jivu na kinyesi cha ng'ombe nikafunika kidonda. Nilikizungushia kisiki majani makavu ya mgomba bila kukigusa, maana yakigusa shina, linaoza. Jua la Januari lilikuwa kali. Nilikimwagilia maji yaliyooshea mboga, machache, asubuhi. Kisiki kisicho na majani hakinywi sana. Ukikipa mengi unakizamisha. Wifi alipita na ndoo kichwani akasimama.

"Wifi, leo pia umemwogesha maiti?"

"Maiti huogeshwa mara moja. Huyu ni mgonjwa."

"Mgonjwa asiye na kichwa!"

"Wako wengi. Wengine wanapanda basi mpaka Nairobi."

Alicheka, kisha akakumbuka ni mume wake, akaenda zake.

Chipukizi la kwanza lilitoka chini ya kovu. Nililiona asubuhi, kijani kibichi, limenyooka, na moyo wangu ulisimama nalo. Kisha nikalishika kwa vidole viwili nikalikwanyua. Wifi alikuwa anakata sukuma.

"Wewe una wazimu? Si ndilo ulilokuwa unalisubiri?"

"Si hilo. Hilo ni la mizizi. Litazaa ya manjano."

"Pasheni ni pasheni. Maua ni maua. Si aliahidi maua?"

Na kweli, aliahidi maua, hakutaja rangi. Ningeliacha, ningeshinda. Nilikaa pale chini nikipiga hesabu hiyo. Lakini alichokikata kilikuwa cha zambarau, na mimi sikutaka kulipwa kitu kingine kwa jina lilelile. Likatoka la pili chini ya kovu, nikalikwanyua. La tatu. Kila nililokwanyua lilikuwa hai, na juu ya kovu hapakuwa na kitu, gome tu lililoanza kukunjamana. Nilikuwa nafuta kwa vidole vyangu kitu pekee cha kijani nilichokuwa nacho, na kila nilipofuta nilimtukana ndugu yangu tusi jipya. Baadaye matusi yaliisha, nikaanza kurudia.

Sabato moja mhubiri alifundisha juu ya kusamehe, sabini mara saba. Niliketi kwenye benchi nikapiga hesabu, nikairudia. Nikaona kwamba ndugu yangu bado ana akiba kubwa sana na kwamba sijamtolea hata ile ya kwanza. Mama aliniangalia kwa pembeni. Anajua nikihesabu midomo yangu husogea.

Lilipotoka la juu ya kovu sikuliamini. Lilikuwa dogo kama kichwa cha njugu, limejificha upande wa nyuma, upande wa choo. Nililipapasa kuanzia kovu kwenda juu: kovu, kidole kimoja, chipukizi. Nikarudia. Kovu, kidole, chipukizi. Siku chache baadaye likatoka na pacha wake. Sikumwambia mtu. Nilirudisha jani la mgomba, nikaenda sokoni, nikauza ndizi kwa bei mbaya kwa sababu nilikuwa natabasamu, na mchuuzi akitabasamu mteja anajua kuna nafasi.

Mvua zikaja na furaha yangu ikaisha. Machipukizi yalikuwa sasa matawi mawili, kila moja refu kama mkono, yakitoa vikono vyembamba vinavyozunguka hewani kutafuta cha kushika. Hapakuwa na cha kushika. Hakuna kijiti, alisema, hata kimoja. Nilijaribu kuegemeza tawi kwenye sukuma ya wifi, sukuma ikalala. Nilijaribu kulibeba kwa kamba hadi paa la jikoni, lakini ni mbali na upepo uliliangusha. Yakawa yanatambaa kwenye tope. Ncha ya moja ikawa nyeusi, ikalainika, ikaoza. Niliikata nikabaki nimeishika mkononi. Hapo nilielewa vizuri ndugu yangu alikuwa amekubali nini. Hakunipa nafasi. Alinipa kazi ya kutazama.

Lazima niseme kuhusu nyumba yake. Ukingoni mwa kipande chetu, hatua chache kutoka kisiki, kuna msingi wa nyumba ya ndugu yangu. Ni nyumba kubwa sana, kwa maneno. Kwa macho ni sakafu ya zege iliyoota nyasi kwenye nyufa, na nguzo fupi za zege ambazo vyuma vimechomoza juu yake, vyekundu kwa kutu, vikisubiri ghorofa. Wifi aliolewa akaonyeshwa msingi huo. Mpaka sasa analala kwenye nyumba ya mabati iliyojengwa "kwa muda", na kila asubuhi akifungua mlango anasalimiana na vile vyuma.

Asubuhi moja nilimsikia akiongea na mumewe kwa simu, sauti ikipanda. Alijibu "mwaka ujao" mara mbili, kwa namna ambayo mtu hurudia jambo ili mwenye kulisema alisikie. Kisha alikata. Nilikuwa nimechutama nikifuta tope kwenye majani. Akatoka na kamba ya katani mkononi, akanisimamia.

"Wifi, alikwambia nini kuhusu vijiti?"

"Asione kimesimama hata kimoja."

"Alitaja vyuma?"

Nikamwangalia. Akaelekeza kidevu kwenye msingi.

"Hiyo ni nyumba yake," nikasema, kwa sababu ilibidi mmoja wetu aseme.

"Nyumba iko wapi? Nionyeshe mlango. Mimi naona vyuma, na tangu niolewe havijabeba kitu. Vibebe hata pasheni."

Alifunga mwenyewe. Alifunga kamba kwenye chuma cha nguzo ya kwanza, akaileta chini hadi kwenye kisiki, akaikaza kwa mafundo ya mtu anayefunga kuni za kwenda mbali. Mimi nilishika matawi tu. Sikumpenda zaidi kwa hilo, na yeye hakunipenda zaidi. Kila mmoja alikuwa na hasira yake, ila zilikuwa za mtu mmoja, zikatosha kushika kamba ncha mbili. Kabla jua halijazama kikono kimoja kilikuwa kimejisokota kwenye katani mizunguko miwili.

Tuliupandisha mpasheni mvua nzima. Nilitandaza mbolea ya ng'ombe mbali kidogo na shina, nikakwanyua kila kilichojaribu kutoka chini ya kovu. Ulifika kwenye chuma, ukakishika, ukaenda kwenye nguzo ya pili kwa waya wangu wa zamani ambao wifi aliuchomoa kwenye kuni. Julai ukatoa vitumba. Mama alikuja kuangalia, akagusa ua moja, akasema, "Mboga hii ina kichwa kigumu," akarudi kwenye managu yake.

Agosti ndugu yangu akaja. Safari hii hakumaliza hata salamu. Alizunguka jikoni, akasimama, akatafuta kwa macho pale chini, kwenye mashimo manne. Hakuona kijiti. Kisha akainua macho.

"Nani amefunga hii kitu kwa nyumba yangu?"

Wifi alikuwa anapita na jagi la maji ya kunawa.

"Nyumba gani?" aliuliza.

Aliuliza kwa upole kabisa, kama mtu anayetaka kuelekezwa. Watoto walikuwa nyuma yake, na safari hii hakuna aliyecheka. Ndugu yangu aliendea chuma, akakitikisa. Maua mawili yakaanguka.

"Dada, huu ni ujanja."

"Ni vyuma," nikamwambia. "Nimehakikisha. Havioti."

Macho yake yalienda kwenye mlango wa jikoni, ambako panga huwa. Wifi aliyaona yakienda.

"Kata," alimwambia. "Ukishakata, fundi aanze kesho. Mimi nitampikia."

Ndugu yangu akasimama pale, mikono kiunoni, kati ya nyumba ambayo haipo na mpasheni uliopo. Mama alisema kutoka mlangoni, "Ahadi ilikuwa maua. Hesabu."

Alihesabu. Alinyoosha kidole akahesabu kwa sauti ndogo, maua na matunda mabichi pamoja, akasema jumla. Mimi nikahesabu baada yake. Alikuwa ameacha mawili yaliyojificha nyuma ya majani, upande wa wifi. Nikamwonyesha. Akatikisa kichwa, akarudi ndani kunywa chai, na neno napia halikusikika tena. Hakusema samahani. Sikuitarajia, kwa hiyo siwezi kusema niliikosa, lakini nafasi yake nimeiacha wazi na kila anapokuja naiangalia.

Siku ya kuondoka alipita nyuma ya jikoni mara nyingine, akiwa amevaa koti. Alishika tunda moja bichi, akalipima kwa kiganja bila kulichuma. Alirudi kwenye Ekegusii, sauti ya nyumbani.

"Yakiiva unitumie kidogo Nairobi. Watoto wanayapenda."

Nikamtajia bei.

Alicheka. Akaangalia uso wangu akaacha kucheka.

"Aah, dada. Kwa ndugu yako? Punguza."

Maisha yangu yote nimepunguza. Nimepunguzia walevi, nimepunguzia walimu, nimempunguzia hata aliyekuwa mume wangu. Nilimtajia tena bei ileile, polepole, ili aisikie mara mbili, kisha nikamweleza kwa nini haipungui: ndani yake kuna nguzo nne.